Mama Atieno na Jicho la Mama

Nilikuwa mtoto bado, tukipanga chumba kimoja mtaani Migosi, Mama alipoanza kufukuza nzi ambao hawakuwepo. Alikuwa fundi wa nguo. Alisema kuna masizi yanaelea mbele ya jicho lake la kushoto, na kabla ya wiki kwisha masizi yale yakawa pazia jekundu. Hakuhisi maumivu yoyote, na hilo lilitutisha zaidi.

Dani, nyanya yangu mzaa mama, alikuja kutoka Ahero na jibu tayari: sihoho. Kwetu hilo ni jicho baya la mtu anayekutazama ukila au ukinywa, nawe ukaugua. Kwa kawaida hushika tumbo, lakini Dani hakuwa mtu wa kusumbuliwa na kawaida. Mshukiwa hakuwa mbali. Ni Mama Atieno, mjane wa mlango wa pili, ambaye kweli alimkodolea Mama macho kila aliposhika kikombe cha maji.

Dani akamfungia mlango. Mjane akasema kupitia dirisha:

"Dani, mimi namwangalia kwa vile mzee wangu alianza hivyo hivyo. Maji kila saa, choo kila saa. Hiyo ni sukari. Mpelekeni hospitali."

"Mmesikia?" Dani akatugeukia. "Amekubali mwenyewe alikuwa anamwangalia!"

Sote tukaona kesi imekwisha. Akaitwa mganga wa kunyonya sihoho kwa pembe, akatoa chembe nyeusi tumboni mwa Mama. Jicho likabaki vilevile. Kisha masizi yakaanza kwenye jicho la kulia, ambalo ndilo Mama alilotegemea kutunga uzi kwenye sindano. Siku hiyo alisimama mlangoni akaita kwa sauti, "Mama Atieno, nishike mkono twende."

Hospitalini daktari alieleza kwamba damu ilikuwa imevuja ndani ya macho, upande wa nyuma. Pigo laweza kuleta hayo, presha pia. Kwa Mama ilikuwa sukari, iliyoharibu mishipa midogo polepole bila sisi kujua. Jicho la kushoto halikurudi. La kulia likapona.

Simcheki Dani. Aliogopa kumpoteza binti yake, na hofu ile ilitaka mtu wa kulaumiwa. Ila mpaka leo inaniuma kwamba tulimfungia mlango mtu pekee aliyemtazama Mama vizuri.

Mama alipotoka hospitali alimwita Mama Atieno tule pamoja, akamkalisha mbele yake. Dani aliinamia sahani yake.

"Niangalie tu," Mama akamwambia jirani yake. "Ukiona kitu, sema."