Kidole cha Binti wa Mama Mdogo

Mwezi uliopita nilikwenda Songea kwenye harusi ya ukoo wetu, na asubuhi nikatoka kwenda sokoni kutafuta kitenge. Kwenye kibanda kimoja, kati ya chaja za simu na tochi, nikaona pakiti ya minyoo ya mpira, ile laini ya kuvulia samaki. Utadhani nilifurahi, rafiki yangu, maana ni kitu cha utotoni. Wapi! Nilishikwa na wivu mpaka nikasahau kilichonipeleka. Ngoja nikueleze, halafu uniambie kama nina haki.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Sisi tuliozoea kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, ghafla tukawa na sabuni za kunukia za kuchagua rangi, na mitumba ikamwagwa chini sokoni. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa muuza mitumba. Siku moja alifungua belo akakuta kizibao chenye mifuko juu ya mifuko, na katika mfuko mmoja ilikuwamo minyoo ya mpira iliyonukia peremende. Jirani yetu alidhani ni peremende, akampa mwanawe mnyoo mmoja, mtoto akautafuna mpaka taya zikamuuma. Mama alipoambiwa ni ya samaki aliona ni uchafu tu, akaiosha yote kwa sabuni yake mpya.

Mjomba alishika kichwa. "Dada, sasa huyo samaki atakula au ataoga?"

Ikabidi aigaragaze kwenye unga wa dagaa wa Nyasa, aiache humo siku nzima, ili irudi kunuka inavyotakiwa.

Sisi watoto tulijua kuvua kwa mnyoo wa udongoni. Unaweka boya la kipande cha bua, unakaa zako unakula matunda ya masuku, boya likizama unavuta. Mnyoo wa kweli samaki anaumeza na kukusubiri. Lakini mpira, mjomba alisema, anauonja mara moja, anagundua ametapeliwa, anautema. Boya halitakuambia kitu. Lazima umjue kabla hajatema, na kumjua ni kwa kidole: mshipi unapita juu ya kidole cha shahada, usilegee, usikazwe sana. Anagonga mara moja tu, kama mgeni asiyetaka kufunguliwa mlango. Siku nyingine hagongi kabisa. Mshipi unakuwa mzito bila sababu, au unakuwa mwepesi ghafla kwa kuwa ameubeba mpira anakuja nao upande wako. Na mara nyingi huja wakati mpira bado unashuka, wewe ukidhani hujaanza kuvua.

Alikuwa na mwanzi mmoja wa kuvulia, na baiskeli yake ilikuwa na keria moja. Akatangaza kwamba Jumamosi atakwenda bwawani Luhira na mtoto mmoja, yule atakayejua kusikiliza kwa kidole. Sikuwa na shaka ni nani. Mjomba alikuwa wangu tangu sijaota meno. Alinibeba mabegani kwenda kanisani, na kila alipofungua belo alinitafutia gauni kabla ya wateja.

Lakini mwaka huo binti wa mama mdogo alikuwa ameletwa kwetu kutoka Mpitimbi ili asome mjini. Tulilala kitanda kimoja, tukavaa viatu vimoja: yeye misa ya kwanza, mimi ya pili. Hayo nilimsamehe. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," bibi alipenda kusema, naye akapewa jembe, akalima vizuri kuliko mimi. Hilo lilianza kuniuma.

Mjomba alitufundisha jikoni. Alipitisha mshipi chini ya mlango, sisi tukakaa nje tumefumba macho, kidole juu ya mshipi, yeye ndani anauchezea. Mara anauburuta juu ya kuni, mara anaupitisha kwenye majani ya maboga, mara anaudonoa kwa ukucha. Sisi tunataja. Mwanzoni mimi niliita kila kitu samaki. Walipocheka, nikaogopa, nikaita kila kitu jani. Binti wa mama mdogo alisikiliza, mdomo wazi kidogo, kisha akasema taratibu, "Huyo samaki, mjomba." Na kule ndani mjomba akacheka kicheko ambacho sikuwahi kumtoa mimi. Hicho kicheko ndicho nilichokionea wivu, wala si samaki.

Jumamosi akapanda keria yule binti. Mimi nikabaki uani na mama, nachambua maharage. Walirudi jioni na perege na kambale mmoja mwenye masharubu marefu. Mama alipopakua nikasema sina njaa.

"Haya, shiba wivu," alisema, akafunika sahani yangu. Baadaye nilikwenda kufunua, nikala mpaka kichwa. Walikuwa watamu, na hilo nalo liliniudhi.

Nililia wiki nzima, na Jumamosi iliyofuata mjomba akanichukua mimi. Tulikaa ukingoni, akanipangia kidole kwenye mshipi. Niliusikia upepo, nikaisikia hata mishipa yangu ya damu. Kisha mpira ukiwa bado unashuka, nikaguswa. Kitu kidogo mno. Nilikijua, rafiki yangu, nakuapia nilikijua! Lakini nikawaza, kama ni jani atacheka, na mwenzangu hajawahi kukosea. Nikangoja kiguse tena. Mpira hauna mara ya pili. Mjomba aliutazama mshipi ukisogea upande, kisha ukitulia.

"Alikuwepo," alisema kwa upole. Nikasubiri anigombeze, hakunigombeza. Alisema tu, "Mwenzio asingengoja."

Maneno hayo mawili nimeyabeba mpaka leo. Muda si mrefu mjomba alihamia Nakapanya kufanya biashara barabarani. Minyoo ilikuwa imekatwakatwa na kambale mmoja baada ya mwingine, na ile iliyosalia akaondoka nayo. Kila Krismasi alipokuja, nilimkimbilia, "Shikamoo mjomba!" Aliitikia, kisha akanyoosha shingo nyuma yangu. "Fundi wangu yuko wapi?" Sasa amelala Maposeni, kwao. Jiko lile la udongo lilibomolewa, na watoto wa nyumba ile wananunua samaki wa barafu. Hakuna tena mtu wa kuniambia kama ningeweza kujifunza.

Jioni ya harusi nilikaa na binti wa mama mdogo nyuma ya nyumba, tumevua viatu. Siku hizi ni mtu mzima mwenye wajukuu. Nikamwambia yote, nikicheka ili yaonekane mepesi: jinsi nilivyomchukia akiwa juu ya keria, jinsi nilivyotamani avunjike kidole.

Hakucheka. Alikuwa akijisugua nyayo.

"Mimi nilikuwa naogopa maji, dada," alisema. "Nilikuwa nakwenda kwa sababu mjomba amesema. Nikiwa juu ya ile baiskeli nilikuwa nageuka nyuma, nakuona wewe umekaa na mama yako uani. Wangu alikuwa Mpitimbi. Nilikuwa nakuonea wivu."

Nilitaka kumkumbatia, na nadhani nilimkumbatia. Lakini wewe nikufiche nini? Huku nimemkumbatia nilikuwa nawaza kwamba amenishinda tena, kwa sababu hata wivu wake ulikuwa na haki kuliko wangu.