Mashine Kumi na Mbili Zisizoharibika

Tak. Kimya kidogo, halafu tak. Ndiyo sauti ya kwanza anayoikumbuka maishani: cherehani cha mama yake kikianza kuugua, na yeye, mtoto wa miaka minne chini ya meza, akijua kabla ya mama kujua. Wiki haikuisha kikagoma. Waliotafuta jina la utani la kumpa hawakuhangaika. Walimwita Sikio.

Sasa Sikio ana miaka hamsini na mitatu na magoti ya mtu wa themanini. Zaidi ya nusu ya umri huo ameumaliza akiitwa mbiombio: njoo upesi, mashine imekufa, kazi imelala. Hupanda ngazi na mkoba wake wa bisibisi, hutengeneza, huteremka, huitwa kwingine. Kampuni yao ni chumba kimoja na watu wawili, yeye na mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, ambaye hajui hata kutunga uzi kwenye sindano lakini anajua kuandikia wateja barua zinazosomeka.

Huyo mdogo ndiye aliyeleta wazo. Siku moja alimkuta dada yake ameketi katikati ya ngazi, hapandi wala hateremki, akamwambia kazi hii ya zimamoto itamzika. Wauze kitu kingine: utunzaji. Mteja alipe kidogo kila mwezi, Sikio apite mara moja kwa wiki, mashine zisiharibike kabisa. Wakipata karakana tatu kubwa, ngazi zitakuwa tatu badala ya thelathini. Alichora visanduku kwenye karatasi akawa anamwuliza kimoja kimoja: mteja ni nani, tunampa nini, itatugharimu nini. Walipofika kwenye kisanduku cha "mteja ataona nini?" Sikio alifikiri sana.

"Haoni kitu," alijibu. "Ndiyo uzuri wake."

Mdogo wake aliandika hivyo hivyo, bila kubisha. Hapo ndipo walipokosea wote wawili.

Walianza na karakana ya sare za shule, miezi mitatu ya majaribio bila malipo. Kila Jumatatu alfajiri mlinzi alimfungulia Sikio, kabla washonaji hawajafika, maana aliona haya kumsimamisha mtu kazini, na tena alilelewa kuamini kwamba fundi mzuri haachi alama. Alitoa mavumbi ya nyuzi, akakaza palipolegea, akatia mafuta, akafuta hata tone la mwisho. Washonaji walipowasha mashine zao, yeye alikuwa ameshaondoka. Katika miezi mitatu, kati ya mashine kumi na mbili, haikugoma hata moja.

Majaribio yakaisha. Jumatatu iliyofuata hakwenda alfajiri. Alikwenda saa tano, na mdogo wake, kutia saini.

Mwenye karakana, mwanamke mpole mwenye futi ya kupimia nguo shingoni, aliwapa viti na kuwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anashukuru, ila mwaka huu bahati imemkalia vizuri, mashine zimetulia zenyewe.

"Sasa nitalipia nini, ndugu zangu? Hakuna kilichoharibika."

Sikio hakukasirika. Alisikia tu magoti yakimkumbusha ngazi zote zilizokuwa zikimsubiri. Akaaga, akashika ukuta, akaanza kwenda mlangoni.

Tak.

Alisimama. Mdogo wake, aliyemjua, akamshika mkono. "Dada, twende," alinong'ona. "Iache ife. Watatuita wenyewe."

Lilikuwa neno la biashara, na lilikuwa kweli. Sikio alilipima kidogo. Halafu akarudi hadi mashine ya saba, akamgusa bega binti aliyekuwa akishona.

"Simama kidogo, mwanangu."

Alipiga magoti, polepole, kwa awamu, akaifungua mashine mchana mbele za watu. Mashine za jirani zikanyamaza moja moja. Skrubu ya ile ndoano ya chini inayodaka uzi ilikuwa imelegea, na sindano imeanza kuiparuza. Alimwonyesha binti mkwaruzo mwembamba kama unywele, akamwambia huikaza kila Jumatatu alfajiri.

"Kumbe ni wewe?" binti alisema. "Mimi kila Jumatatu nikiona inashona laini, nadhani ni kwa sababu nimelala vizuri Jumapili."

"Alale yeye, inone mashine," mwenzake alimtania, na chumba kikacheka.

Mwenye karakana hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma yao, futi ameikamata kwa mikono miwili. Ijumaa alitakiwa kukabidhi sare mia nne.

"Fundi," alisema, "usingeisikia, ingekufa lini?"

Sikio alikuwa bado chini, hana hakika kama atainuka bila kuomba mkono. Alikaza skrubu mpaka mwisho, akatia mafuta, akachukua kitambaa afute tone lililobaki. Akakirudisha mfukoni. Tone likabaki pale, linang'aa.

"Jumatano," alisema, kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi.