Siku Baba Mkwe Alipojifunika Blanketi

Naikumbuka mvua ya siku ile, mwanangu, maana ilinyesha wiki nzima, nepi za mtoto hazikauki. Mimi Mhehe wa Mlandege, nimeolewa huku Ilomba kwa Wanyakyusa, bado mkamwana mpya. Na enzi zile kwao mkamwana haonani na baba mkwe. Akipita, unajificha. Akikaa sebuleni, wewe tulia chumbani mpaka aondoke. Mama mkwe alinifundisha, nami nikashika kuliko wenyewe, wasije wakasema Wahehe hatuna adabu.

Basi mchana ule nikaweka jiko la mkaa chumbani, nepi nikazianika kwenye kiti pembeni. Nikasinzia na mtoto. Kushtuka, nepi zinawaka, moto umeshadaka pazia. Dirisha lina nondo. Mlango wa kutoka nje ni mmoja tu, wa sebuleni, na sebuleni kakaa nani? Baba mkwe.

Nilifungua mlango wa chumba, nikamwona, nikaufunga tena. Mwanangu, moto uko nyuma yangu, mtoto anakohoa mikononi, na mimi naona aibu!

Yule mzee hajawahi kunisemesha hata neno. Moshi ulipomfikia, ndipo nikasikia sauti yake.

"Nimejifunika blanketi, mama. Sioni kitu. Pita na mjukuu wangu."

Nikainama, nikapita mbio. Naye akanifuata na blanketi lake kichwani, akajigonga kwenye fremu ya mlango, akafika uani akaanza kumwamkia mbuzi akidhani ni jirani. Mtoto mzima, mimi mzima, mzee nundu tu. Majirani wakauzima moto, kikaungua chumba kimoja. Nilicheka huku nalia.

Mama mkwe aliporudi sokoni hakucheka. "Ungekufa na adabu zako, sawa. Na mjukuu wangu je?"

Kesho yake akaita fundi, akatoboa mlango wa nyuma. Akatutangazia wote kwamba moto ukiwaka, mambo ya ukwe yanasimama mpaka tukutane bombani kwa jirani.

Sasa wewe, mwanangu, nyumba yako madirisha yote nondo, na ufunguo wa kufuli unalala nao chini ya mto. Hebu mwite fundi, dirisha moja la chumba cha watoto lifunguke kwa ndani. Ufunguo utundike karibu na mlango, hata mgeni wa jana aujue. Semeni nani anambeba mdogo, na nje mnakutana wapi. Moshi ukijaa tambaeni, chini ndiko kuna hewa. Ukishatoka usirudi ndani, hata simu ikibaki. Mjaribu kutoka hivyo mchana, watoto wakicheka waache wacheke. Jiko la mkaa lisilale ndani. Na umuulize kila mtu humo ndani, wewe ni kitu gani kitakuzuia kutoka? Mwingine mguu mbovu, mwingine aibu tu kama mimi. Bora aseme leo.

Mungu akulinde, wewe na wote mnaolala chini ya bati moja. Mlale vizuri, mkiamka muwe wote.