Somo la Kusema Hapana

Mwalimu Elirehema alikuwa mwanamke mwenye kichwa chepesi, hilo hakuna aliyebisha. Miaka ile ya tisini, mashirika yalipochipuka Arusha kama uyoga, aliacha chaki ya serikali akahamia kwenye ofisi yenye zulia kule Njiro. Kazi yake ikawa kutunga masomo ya stadi za maisha kwa vijana wa sekondari: kujiamini, kutuliza hasira, kukataa vishawishi. Kazi nzuri, jamani, wala tusimbeze.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la kusema hapana. Mwanafunzi asimame wima, amtazame mtu usoni, akatae bila kutafuna maneno. Alilijaribu kwenye shule moja magharibi ya Mlima Meru, na aliyeliweza kupita wote ni Naisula, binti wa kidato cha pili. Darasa lilimpigia makofi. Elirehema naye akapiga, akasema, "Huyu ndiye ninayemtaka!"

Juma hilohilo wazee wa rika la baba yake wakaja kumposa. Binti akaitwa asalimie. Kwao mtoto huinamisha kichwa, mzee akamgusa utosini. Naisula hakuinama ng'o! Alisimama wima, akamtazama baba yake usoni mbele ya wageni, akasema, "Hapana. Siolewi. Nasoma." Vilevile kama alivyofundishwa.

Elirehema alipopata habari alikwenda kule mbio na gari la ofisi. Alimkuta Nalepo, mama wa binti, akikamua ng'ombe.

"Mama Naisula, nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Umechelewa, mwalimu. Wameshamchukua."

"Lakini si alikataa?"

"Ndicho kilichomponza!" Nalepo aligeuka, macho mekundu. "Baba yake, Lemburis, hakutaka kumwoza. Aliniambia mwenyewe, atawanywesha chai wale wazee, awazungushe mpaka wachoke. Sasa mtoto kamuumbua mbele ya rika lake. Awaambie nini, kwamba anaamriwa na binti yake? Akakubali palepale. Kwa nini hakunijia mimi? Nina kaka. Mjomba angekuja, angesema na shemeji yake, yangeisha. Hilo hukumfundisha?"

Hilo Elirehema alilijua vizuri mno. Yeye mwenyewe, alipokuwa msichana kule Kikatiti, baba yake alipotaka kumtoa shule hakufungua mdomo. Alimkimbilia mjomba wake. Mjomba akaja Jumapili baada ya ibada, akanywa pombe ya ndizi na baba, na Jumatatu binti akarudi darasani. Alipoanza kutunga somo lile mjomba alikuwamo, kama mtu wa kukimbiliwa. Akamfuta, akiona haya kwamba wafadhili wangeona ni ushamba. Hakuna aliyemwambia amfute. Baada ya mkasa wa Naisula alimrudisha, shule nyingi zikamshukuru, na kila shukrani ilimchoma.

Siku ile alisimama tu zizini, viatu vyake vya ofisini vikizama kwenye samadi.

"Alipokuwa anaondoka alinipa swali nikuulize," Nalepo akasema, sauti imeshuka. "Anataka kujua alikosea wapi. Anasema labda sauti ilimtetemeka."

Elirehema akaanza kulia. "Mwambie hakukosea. Mwambie nimekosea mimi."

"Nitamwambia," Nalepo akasema, akarudi kwenye kukamua, "nikimwona."