Bi Harusi Aliyesukwa na Watu Wanne

"Umeniibia jana yangu, Sindano."

"Jana ni shamba lako? Una hati?"

"Shoga, usinichezee."

"Na wewe umeniuza mbele za watu. Kati ya mwizi na anayeuza rafiki yake, nani afadhali?"

Kufikia hapo milango yote ya uani ilikuwa wazi. Mama dobi kaacha nguo kwenye beseni, mlinzi katoka na mswaki mdomoni. Mimi napenda nyumba iliyojaa watu, kila mtu anajua, lakini siku ile nilitamani wote wapate safari.

Ngoja nianze mwanzo, maana mkisikia nusu mtanihukumu.

Mimi ni msusi. Nasukia barazani, nje ya mlango wangu. Viti viwili: kimoja changu, kingine cha Sindano, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Tunamwita Sindano kwa vidole vyake vyembamba, na kwa mdomo pia. Umbea wa mtaa wetu ukitaka kufika mbali, unapita kwanza barazani kwetu kusukwa.

Basi mwenye nyumba akatangaza kwamba baraza linavunjwa, panajengwa duka.

Na viti vyetu je? Hilo halikumhusu.

Wiki hiyohiyo tukasikia hoteli mpya inatafuta watu. Mlinzi, dobi, na msusi wa saluni. Msusi mmoja tu. Sharti, ujieleze kwa Kiingereza. Swali lenyewe lilishavuja mtaa mzima: simulia siku ngumu kazini, na ulifanya nini.

Yaani uzungumze mambo yaliyopita.

Tukaenda kwa Ticha, mpangaji wa chumba cha nyuma, anayefundisha jioni uani kwa kuandika chaki kwenye mlango wa stoo.

"Kitendo kikishapita kinaota mkia," akatuambia. "Wash, washed. Burn, burned. Vingine vikorofi, vinabadili sura kabisa: run, ran. Go, went. Na kuna vichwa ngumu, jana cut, leo cut."

"Kama mume wangu," mama dobi akasema.

"Ukikanusha au ukiuliza, unamleta did. Did akiingia, yeye ndiye anayebeba jana, kitendo kinavua mkia. I did not run. Did you wash? Mzigo mmoja, mbebaji mmoja."

Ticha ana mtindo wake. Akipata habari nzuri yenye mikia mingi, anaiandika mlangoni, wanafunzi wanaikariri kama ilivyo. Kuelewa kutakuja na umri, anasema.

Mimi habari ya mlangoni sikuihitaji, hata kuisoma sikuisoma. Nilikuwa na siku yangu mwenyewe.

Bi harusi alikuja barazani asubuhi ya ndoa yake. Akapakwa dawa ya kulainisha nywele, dawa ikakaa mno, nywele za upande mmoja zikaanza kutoka na kitana. Nikaosha. Nikakata zilizoungua. Zilizobaki nikazisuka zikalalia upande ule, pengo nikaliziba kwa maua. Alilia, kisha akajiona kwenye kioo, akacheka.

Nikaiweka kwa Kiingereza, sentensi moja moja. I washed her hair. I cut the burned part. Kila jioni Sindano alikaa mbele yangu kunisikiliza. Nikisema she cry, ananigonga begani na kitana.

"Mkia, shoga. Cried."

Kitu kimoja sikukitia. Dawa ile aliipaka Sindano mwenyewe. Alinogewa na soga za mteja mwingine, akasahau. Alipoona nywele zinabaki mkononi, akakimbilia chooni, akajifungia mpaka bi harusi akaondoka.

Sikumwambia mtu. Hata mama mkwe ninayeishi naye, sisi wawili tu, na yule kumficha jambo ni kazi ya kutwa.

Siku ya usaili tulikaa kwenye benchi moja. Akaingia mlinzi wetu, akatoka anatabasamu. Akaingia mama dobi. Akaingia Sindano. Alipotoka hakunitazama.

Zamu yangu. Mezani walikaa mama mwenye miwani na mzee mwenye tai.

"One morning, a bride came..." nikaanza.

Mzee akafunika mdomo. Mama akavua miwani, akahamia Kiswahili.

"Dada, huyu bi harusi leo kashasukwa mara tatu. Kasukwa na mlinzi. Kasukwa na dobi. Na huyu aliyetoka sasa hivi."

Nikageuka kutazama mlangoni.

"Nimewauliza wote swali moja," akaendelea. "Who burned her hair? Nani alimuunguza? Mlinzi kasema jua. Dobi kasema pasi. Huyu wa mwisho kasema hakumbuki."

Mlango haukufungwa vizuri. Niliona ncha ya kiatu cha Sindano pale nje. Mtu niliyemfunikia aibu ndiye aliyeivaa siku yangu kama gauni la kuazima, akaingia nayo mbele yangu.

"My friend burned it," nikasema. "She ran. She hid in the toilet. I stayed."

Hayo sikuwa nimeyakariri. Yalitoka na mikia yake yote.

Kiatu kikaondoka.

Ndiyo maana jioni ile uani kulikuwa vile.

"Mimi alinipa Ticha," mlinzi akajitetea. "Kaiandika mlangoni, kasema karirini."

"Na wewe mlinzi, uliwahi kusuka bi harusi lini?"

"Sikujua kama nasuka. Mimi nilidhani nakamata mwizi."

Watu wakacheka. Ticha akachungulia kutoka chumbani kwake.

"Mimi aliniletea Sindano. Alisema ni yake. Nikaona ina mikia safi."

Kicheko kikakatika. Hilo nilikuwa silijui. Nilidhani Ticha alinisikia nikijizoeza, na Sindano alibabaika mle ndani, akashika la karibu. Kumbe aliitoa mapema, jioni zilezile alizokuwa akinigonga begani.

"Kwa nini, Sindano?"

Alijibu akitazama chini.

"Siku yangu ngumu ni hiyohiyo. Na ndani yake mimi niko chooni. Nani anaajiri mtu wa chooni?"

Simu yangu ikaita hapohapo. Mama mwenye miwani. Nianze Jumatatu.

Sindano alisikia. Akaenda barazani, akakaa kwenye kiti chake, mgongo kwetu. Watu wakarudi vyumbani mmoja mmoja.

Nililojifunza ndilo hili. Ukimfunikia mtu aibu, usidhani atakupenda zaidi. Wengine wanachoka kutazamana na macho yaliyowaona.

Na sijamsamehe. Semeni mtakavyo.

Ndani, mama mkwe alikuwa anapakua. Sahani tatu.

"Ya tatu ya nani, mama?"

"Unamjua. Tangu asubuhi hajatia kitu tumboni, na baraza lenyewe halina siku nyingi. Ugomvi wenu hautaoza ukingoja kesho."

Nikatoka mlangoni. Mgongo wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyouzoea.

"Sindano."

Nikausukuma mlango ukafunguka wote.

"Chakula kinapoa. Ingia ule."