Wa Thelathini na Saba

Lori la Alhaji Rabo lina nafasi ya ng'ombe thelathini na sita. Yeye hupakia arobaini na wanne. Soko zima la Pouytenga linajua, na mimi najua zaidi, maana ndimi ninayewasukuma wapande.

Yero Boli, Mfulani, alikuwa msindikizaji wao. Kwa miaka ishirini na miwili alisafiri juu ya mbao za lori, siku tatu mpaka Abidjan, ng'ombe hawapewi maji. Kazi yake ilikuwa kumwinua anayeanguka. Wasindikizaji wengine humpaka pilipili machoni au humpinda mkia mpaka uvunjike. Yero alishuka katikati ya kwato, akamwita ng'ombe kwa jina la rangi yake, akamwinua. Mguu wake wa kushoto ulivunjika mara mbili kwa kazi hiyo.

Kisha akarudi kutoka safari yake ya mwisho. Nilimpelekea uji wa mtama, akauweka chini.

"Yule mwekundu alikuwa na mimba," akasema. "Alianguka, akazalia chini ya miguu ya wenzake. Nikagonga paa dereva asimame. Akasema mpaka wa nchi utafungwa kabla hatujafika."

"Pole, kaka."

"Ndama alikuwa hai, Nobila. Nilimsikia muda mrefu. Walivyobanana, sikuweza hata kupitisha mkono."

Siku ya soko iliyofuata, alipopanda ng'ombe wa thelathini na sita, Yero alilala chali kwenye tuta la udongo tunalopandishia. Watu wakacheka. Alhaji ni Myarse, kabila la wafanyabiashara wa kola tangu zamani, na Wayarse na Wafulani ni watani, huitana watumwa. Hata msibani mtani hulala kaburini mpaka apewe kitu.

"Mtumwa wangu kanywa maziwa yaliyochacha," Alhaji akasema. "Leo unataka nini, sukari?"

"Uishie hapo. Wanane hao wasubiri lori jingine."

"Mfulani kajua kuhesabu. Nani kamfundisha, mbuzi wake?"

Watu wakacheka tena. Yero hakucheka.

"Muuza kola, leo sitanii. Wapitishe juu ya kifua changu. Angalau hilo utaliona kwa macho yako."

Kicheko kikakatika. Alhaji akatazama huku na huku. Wanunuzi walikuwepo, na wakwe zake pia. Kumkasirikia mtani hadharani ni aibu ambayo mtu huzeeka nayo. Akainua mikono.

"Mmesikia? Mtani kaomba, na mtani hupewa. Wanane wabaki, kwa heshima ya utani."

Akapigiwa makofi. Kisha akainama kama anayemsaidia Yero kuinuka. Nilikuwa karibu, nikamsikia.

"Usikanyage tena lori langu."

Lori likaondoka na thelathini na sita, na msindikizaji mpya mwenye pilipili mfukoni.

Soko lililofuata wakawa arobaini na wanne kama kawaida. Lakini Yero alikuja na kigoda, akakaa chini ya tuta, akahesabu kwa sauti kila ng'ombe aliyepanda. Alipopita wa thelathini na sita, akaongeza maneno.

"Thelathini na saba, babu yako alimuuzia mkwewe punda kipofu. Thelathini na nane, kola yako ina funza, na wewe pia."

Aliendelea hivyo mpaka wa mwisho. Wauza nyama wakaacha meza zao waje kusikiliza.

"Mtoeni huyu," Alhaji akatuambia sisi wapakiaji.

Hatukusogea. "Si mtani wako, Alhaji?" nikasema. "Wewe mwenyewe ulitangaza."

Sasa huu ni mwezi wa tano tangu aanze. Kila soko Yero yupo na kigoda chake, hacheki, na matusi hayajirudii. Wanunuzi wengine wameanza kuhesabu naye. Wiki iliyopita Alhaji aliishia arobaini.

"Kaka, wamepungua wanne," nilimwambia Yero. "Si nafuu hiyo?"

Akanitazama, mkono wangu bado umeshika fimbo ya kuswagia.

"Kamwulize aliye chini ya kwato," akasema.