Ishara za Mkono wa Kulia Zilipotoweka

Leo, hapa Garissa, nimepata heshima ya kupuuzwa kitaalamu.

Mzee mmoja, mfugaji wa Balambala, alikuwa akifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo shingoni. Kazi yangu ni kufuatilia neva zake kwenye mashine.

Ghafla, ishara za mkono wa kulia zikatoweka.

"Daktari, tusimame. Mkono unaweza kupooza."

"Warya, we kijana, inayoumwa ni hiyo televisheni yako," daktari akanijibu.

Nikasisitiza, kwa adabu zote za chuoni. Akanung'unika, akalegeza utepe uliokuwa ukilivuta mno bega la kulia na kubana neva.

Ishara zikarudi.

Mzee alipozinduka, alimshika daktari kwa mkono huo huo, akamwombea dua ndefu.

"Ni uzoefu tu, adeer, mzee wangu," daktari akajibu.

Nami, kwa unyenyekevu mkubwa, nikaitikia: Amin.

Nyinyi mngesema nini?